Bendi haijulikani, tuiwekee makala au tuiache?

Watu wakishajua unahariri Wikipedia ya Kiswahili swali la kwanza ni unalipwa shingapi, wakisikia hulipwi hata mia wanahamia la pili, basi si uniwekee na mimi, au uwawekee washkaji zangu wana bendi. Mi nimekaa upande wa muziki miaka kadhaa sasa, napitia makala mpya za bendi na vikundi, na nakwambia hakuna kona inayogombanisha watu kama hii. Andika makala ya mto hakuna atakaekuja kukutukana. Ya kata, vilevile. Gusa bendi uone.

Mazingira yenyewe yako hivi. Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu 2003, ina makala maelfu kwa maelfu, ila wanaoihariri kila siku ni wachache na wakabidhi, yani wale wenye uwezo wa kufuta, ndo wachache zaidi, kwa hiyo makala ya ovyo ikipenya inaweza kukaa miaka bila mtu kuigusa na huku nje Google anaibeba, wanafunzi wanaikopi, mtangazaji anaisoma hewani, kesho ndo imekua historia. Sasa mtu akikuona umeweka alama ya futa, yani ya kuomba makala ifutwe, anadhani una roho mbaya au una kikundi chako unakibeba, kumbe unawaza huyo mtangazaji.

Kuna kesi rahisi na kesi ngumu. Rahisi ni kama hii, kuna kikundi kimoja cha vijana wa singeli, jina naliacha, meneja wao alifungua akaunti jioni na usiku huohuo makala ikawa hewani, ndefu, imejaa sifa, eti ndo kikundi kinachokubalika zaidi Afrika Mashariki na Kati. Vyanzo? Linki za YouTube, linki ya Instagram yao wenyewe, alafu blogu tano. Nikazifungua zote tano nikakuta ni maandishi yaleyale, neno kwa neno, mpaka lile kosa la herufi kwenye jina la mtaa wao limeenda blogu zote. Yani mtu mmoja kaandika promo katuma kila mahali.

Nikamwandikia kwenye ukurasa wa majadiliano, kaka karibu sana, naomba chanzo kimoja tu ambacho hamjakiandika nyie na hamjakilipia. Akanijibu, "Mkuu sisi tupo Spotify, tupo Boomplay, tupo Audiomack, unataka nini tena?" Sasa hapo ndo wengi wanapochanganya. Siku hizi yeyote mwenye simu na hela kidogo ya kumlipa msambazaji wa mtandaoni wimbo wake unafika huko kote ndani ya siku chache, hata mi nikirekodi mluzi wangu bafuni leo wiki ijayo utakua jirani na wa Diamond. Kuwepo kule kunaonyesha wimbo umepakiwa, basi. Views nazo zinanunuliwa, followers ndo usiseme, na hata gazetini ipo ile habari unaisoma mwanzo mwisho haina swali hata moja gumu, picha zote katoa meneja, hakuna mtu mwingine aliehojiwa, ukiwa umekaa mjini kidogo unajua hapo bahasha imetembea.

Nikaja kujua pia kwanini wanahangaika hivyo. Ilikua inaaminika kwamba ukiwa na ukurasa Wikipedia tiki ya bluu Instagram inakuja kirahisi, ila tangu Meta, wenye Instagram, waanze kuiuza hiyo tiki 2023 presha ya upande huo imepungua. Imebaki ya wadhamini, na kuna mmoja aliniambia bila kuficha anaitaka kwa ajili ya maombi ya viza. Simlaumu, ila kamusi elezo sio barua ya utambulisho. Ile makala ikawekwa alama, mkabidhi akapita, kwisha, na hakuna aliekosa usingizi zaidi ya meneja.

Kesi ngumu ilikuja na kijana mmoja mpole sana. Yeye aliweka makala ya mistari minne, bendi ya dansi iliyokua inapiga kwenye mji mmoja wa reli ya kati kuanzia mwishoni mwa miaka ya 60, babu yake alikua anapuliza saksafoni. Hakuna sifa za ajabu, hakuna kujikweza, hakuna linki ya kuuza kitu. Ila pia hakuna chanzo hata kimoja, na ukigugo jina la bendi unapata yeye mwenyewe.

Hapa ndo nikaanza kuutazama upya ule mwongozo wa wenzetu wa Wikipedia ya Kiingereza. Kila lugha ina utaratibu wake na sisi hatulazimiki kuwafuata, ila wao wana mwongozo maalum wa wanamuziki, vipengele kama kumi na mbili, ukitimiza kimoja unahesabika huenda unastahili makala. Huenda, sio lazima. Vingine vinasema uwe umeingia kwenye chati ya taifa, uwe na rekodi ya dhahabu, uwe umetoa albamu mbili au zaidi kwenye lebo kubwa, uwe umechukua tuzo kubwa. Soma hivyo alafu chukua bendi ya Tanzania ya 1970 uipitishe humo uone inavyokwama mlangoni.

Chati ya taifa ya mauzo ipi? Albamu gani? Bendi zetu za enzi hizo nyingi zilikua mali ya taasisi, NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi, Vijana Jazz ya umoja wa vijana, Polisi walikua nayo, jeshi wana Mwenge, JKT wana Kimbunga, mwanamuziki ni mwajiriwa na mshahara wake wa mwezi. Mnaenda Dar kurekodi RTD, yani Radio Tanzania Dar es Salaam, wimbo unarushwa hewani, mnarudi nyumbani. Hakuna albamu hapo. Waliobahatika kutoa santuri nyingi zilifyatuliwa Nairobi, na hizo zenyewe ni zile ndogo za nyimbo mbili, upande huu na upande ule. Tuzo ndo kabisa, Kili zimeanza 1999, bendi ya kina babu ilishakufa zamani, vyombo vimeoza.

Kipengele kimoja tu kwenye mwongozo ule ndo kinatukaa vizuri, kile kinachosema muziki wako uwe umepigwa mara kwa mara kwenye redio kubwa ya kitaifa. Bara tulikua na RTD peke yake mpaka redio binafsi zilipoanza kuja 1994, kwa hiyo bendi ikichezwa RTD nchi nzima imeisikia, anaepalilia kaisikia na anaenyoa nywele kaisikia, hakuna chati Uingereza inayoweza kushinda hiyo. Lakini redio haiachi karatasi. Umetimiza kipengele na huwezi kuonyesha kwamba umekitimiza, alafu mtu wa pili anakuja na bendi ambayo haikuwahi kurekodi popote anasema na sisi tulichezwa RTD, utamkataliaje?

Kuna kingine kinasema bendi iwe na wanamuziki wawili au zaidi ambao kila mmoja kwa nafsi yake anastahili makala. Hiki kwetu kina raha yake maana wanamuziki wetu walikua wanahama kama wachezaji wa mpira. Mwimbaji Muhidin Gurumo peke yake ukimfuata kutoka NUTA, 1978 yuko Mlimani Park, 1985 yuko Safari Sound, ile ya Ndekule, alafu akarudi zake Msondo, ambayo ndo NUTA ileile kwa jina jipya. Kwa hiyo bendi ndogo huwa naangalia kwanza nani alianzia pale kabla hajawa mkubwa. Ile ya kijana wetu nilikagua majina yote aliyonipa babu yake, hakuna hata mmoja aliekuja kuvuma kwingine.

Nikaamua nitafute kwa kweli, sio kugugo tu. Magazeti ya enzi hizo, Uhuru, Mzalendo, Ngurumo, jarida la Nchi Yetu, mengi hayapo mtandaoni, inabidi ukae maktaba na vumbi lake, pale Chuo Kikuu Dar kuna ile sehemu ya East Africana, ukiwa na ruhusa unaomba mafaili na unageuza ukurasa mmoja mmoja. Alafu kuna vitabu vya watafiti, Kelly Askew wa 2002 ambae kakaa sana na muziki wa Tanga, Alex Perullo wa 2011 wa Dar, kuna Werner Graebner ambae pamoja na mambo mengine ndo yuko nyuma ya zile CD za Zanzibara, za muziki wa Zanzibar na pwani. Hivi vijitabu vya ndani ya CD watu wanavidharau sana na mara nyingi ndo vina taarifa kuliko gazeti. Kuna tatizo lake, anaeandika kile kijitabu ndo yuko upande wa anaeuza CD, lakini mi naona mtafiti anaejulikana kwa kazi zake akiandika historia ya bendi iliyokufa miaka thelathini kabla, hapo hakuna promo ya nani, nakipokea. Vilevile blogu ya John Kitime wa bendi ya Wana Njenje, ni blogu ndio, lakini ni mwanamuziki mwenyewe, kaishi ndani ya huo muziki na anaandika historia yake miaka mingi, huwezi kumweka fungu moja na zile blogu tano za singeli.

Nilichopata kwa ajili ya bendi yetu ni kidogo. Kitabu kimoja cha utafiti kina jina lao, limo kwenye orodha ya bendi za mikoani, mstari huo tu, hakuna nani alianzisha wala nini kilitokea. Na tangazo dogo la dansi gazetini. Basi.

Nikaomba namba ya babu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu, wewe ndo yule wa kompyuta?"

Tukacheka, tukaongea mpaka salio likakata, nikaweka lingine. Alinipa stori ambayo ukiisikia unatamani uandike kitabu. Vyombo vilinunuliwa na chama cha ushirika cha wakulima, wanamuziki mchana walikua makarani na wapima pamba, usiku wanavaa sare. Wakazunguka vijijini msimu wa mavuno, wakaenda Dar kurekodi. Alafu 1976 serikali ikavunja vyama vya ushirika vyote, mwenye vyombo hayupo tena, magitaa na ngoma vikafungiwa stoo ya serikali na bendi ikafia hapo, hakukua na ugomvi wala nini. Nikamuuliza mzee kuna gazeti liliwahi kuja kuwaandika? Akasema lilikuja moja, walituandika vizuri na picha, nililikata nikaliweka kwenye begi, mchwa wakala begi. Mwaka gani mzee? Akafikiri. "Mwaka aliozaliwa baba yake huyu kijana."

Hapo moyo unataka kuweka makala na akili inakataa, na kilichonisaidia ni kujiuliza hivi, nikiondoa alichoniambia mzee mwenyewe, ambae alikua mwanabendi, na nikaondoa alichoandika mjukuu wake, nabaki na nini cha kuandika? Nabaki na bendi ilikuwepo, ilipiga dansi mahali fulani tarehe fulani. Sentensi mbili. Makala ya sentensi mbili kule kwetu tunaiita mbegu na hatuna shida na mbegu, ila mbegu inatarajiwa iote, na hii ilikua haina udongo mpaka apatikane mtu mwingine wa kuiandika.

Najua mtu atasema sasa historia ya mdomo mnaidharau, nyie mnataka karatasi za mzungu tu. Hoja hii sio ndogo, 2011 kulikua na mradi kabisa wa watu wa Wikipedia India na Afrika Kusini, wakaenda kurekodi watu vijijini ili sauti zile zitumike kama vyanzo, na sababu yao ilikua hiyohiyo, kwamba nchi zetu mambo mengi hayajaandikwa. Mi naunga mkono. Ila hata kwa mdomo nataka midomo zaidi ya mmoja, na angalau mmoja uwe wa mtu ambae hakupanda jukwaani. Mzee aliekua anauza tiketi. Mwanamke aliekua anacheza pale. Karani wa ushirika aliesaini hundi ya magitaa.

Kingine kilichonifanya nikaze ni ule mwaka. Kijana kwenye mistari yake minne alikua kaandika bendi ilianza 1967. Baadae tukiwa kwenye mjadala akatokea mtu na linki ya tovuti ya mashairi ya nyimbo, imeandika bendi ilianzishwa 1967, akasema si hiki hapa chanzo huru? Nikafungua historia ya makala yetu nikalinganisha tarehe, ile tovuti ilitukopi sisi, na sentensi ilikua yetu ileile mpaka mkato ulipokaa. Yani maneno yetu yametoka nje yakavaa koti yakarudi kama shahidi. Na mzee kwenye simu nilipomuuliza alisema ilikua baada ya Azimio la Arusha kitambo, labda 69. Ingebaki ile, mwaka wa kubahatisha wa mjukuu ungekua ndo mwaka rasmi wa bendi milele.

Sasa "haijulikani" nayo isikudanganye. Chukua Sunburst ya Dar, waulize vijana kumi mtaani kama wanaijua, nadhani wote watakuambia hapana. Lakini bendi ile ilitoa Ave Africa 1976, lebo ya Strut ikaja kurudisha rekodi zao zote za 1973 mpaka 1976 kwenye toleo moja 2016, magazeti ya muziki nje yakaichambua, kuna maelezo ya kutosha ya nani alipiga nini. Hiyo makala haina mjadala. Na upande wa pili kuna vikundi vya kitchen party na sherehe ambavyo kila shangazi mjini ana namba yao kwenye simu, wanajaza ukumbi kila jumamosi, na hakuna mtu hata mmoja aliewahi kukaa chini akaandika ukurasa kuhusu wao. Mtaani wa pili ndo mkubwa. Kwenye kamusi elezo wa kwanza ndo anaandikika.

Jambo lingine ambalo wageni hawalijui, kukosa makala yako peke yako sio kufutwa duniani. NUTA, JUWATA, OTTU na Msondo ni bendi moja iliyobadilisha majina kadri chama cha wafanyakazi kilivyobadilika, haina haja ya makala nne, iko moja na majina mengine unayaelekeza pale. Ndo nilichofanya kwa bendi ya babu, nikaweka ile taarifa kwenye makala ya mji wao sehemu ya utamaduni, na chanzo chake cha kitabu, alafu jina la bendi nikaliwekea elekezo, mtu akilitafuta anafika pale. Kijana hakufurahi. "Sasa bro hizo sentensi mbili ndo historia ya babu?" Nikamwambia hapana, historia ya babu anayo babu, mrekodi leo kabla ya kesho, video, sauti, majina kamili, alafu mtafute mwandishi wa habari au mwanafunzi wa historia pale chuoni umpe, aende akahoji na wengine, akikosoa akosoe, akichapisha mi nitakua wa kwanza kuja kuikuza. Alininunia kwa muda, siku hizi ananitumia picha za wazee aliowapata, kuna ile ya wapiga tarumbeta na sare zao ni nzuri sana, ila hata hiyo bado hatujaipakia kwasababu hatujui nani alipiga picha na haki yake iko kwa nani.

Na mlango haufungwi. Mwanafizikia Donna Strickland rasimu ya makala yake ilikataliwa kule kwa Kiingereza Mei 2018, eti vyanzo havionyeshi anastahili, Oktoba akachukua Nobel na makala ikapanda. Watu waliwacheka sana wale wahariri. Mi sikucheka sana, vyanzo vilikuwepo, hawakutafuta vya kutosha, ndo maana nasisitiza kutafuta kwanza alama ya futa baadae.

Kuna mhariri mwenzangu wa Mombasa, dada mmoja mkali sana kwa hoja, yeye hakubaliani na mimi. Anasema tukisubiri magazeti na vitabu tutaishia kuandika bendi za Liverpool kwa Kiswahili na za kwetu zitabaki vumbi, tulegeze. Nusu ya hoja yake naikubali, tulegeze aina ya chanzo, kipindi cha redio kilichorekodiwa kiingie, tasnifu ya chuo iingie, kijitabu cha CD kiingie, blogu ya mkongwe iingie. Nusu nyingine ya kutaka mwanabendi ajishuhudie mwenyewe ndo siiwezi. Juzi kijana kaleta kipeperushi cha dansi cha bendi ya babu yake, karatasi halisi, imechakaa lakini inasomeka, na ubishi umeanza upya. Dada anasema hiki sasa ni chanzo, rudisha makala. Mi nasema kipeperushi kaandika mwenye dansi, kinathibitisha tu kwamba jumamosi ile kulikua na dansi ukumbi wa ushirika na kiingilio kilikua shilingi tano, wanawake bure. Hiyo ya wanawake bure nimeiongeza kwenye makala ya mji.